Ukimsindikiza mgonjwa Ahmedabad: namna ya kuujua mji kwa nusu siku

Watu wengi wa kwetu wanaofika Ahmedabad hawakwenda kutembea. Wamempeleka mgonjwa. Mimi nilikwenda na mama, magoti yote mawili, tukakaa wiki tano. Haya nimeyaandika kwa ajili ya yule atakayekuwa kwenye kiti cha plastiki nje ya wodi, kaambiwa arudi saa saba mchana, na asubuhi nzima iko mbele yake hajui aifanye nini. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Tanga. Macho yangu huenda kwenye nguo kwanza, kwa hiyo kwenye vitambaa nitakawia.

Anza na viza. India hutoa viza ya mgonjwa na viza ya wasindikizaji, na mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Mkiweza, nendeni wawili. Mimi nilikwenda na mdogo wangu wa kiume tukagawana zamu: asubuhi yake yeye, jioni yangu mimi, na siku ya tatu tunabadilishana. Bila mtu wa zamu hutaona chochote, na utachoka mpaka mgonjwa ndiye aanze kukuhurumia. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, usiitie kwenye begi kubwa. Kama daktari amekupa nafasi ya kuchagua mwezi, chagua kati ya Novemba na Februari. Kuanzia Aprili joto linapita nyuzi 40, na mgonjwa mwenye mshono hana raha katika joto lile.

Ukifika, utafute mto. Sabarmati unaugawa mji mara mbili. Magharibi ni mji mpya, huko ndiko kuna hospitali nyingi za binafsi, maduka ya vioo na vyuo. Mashariki ni mji wa kale uliokuwa ndani ya ukuta. Ukishajua upo upande gani wa mto hupotei. Bajaji ziko kila kona. Mwambie dereva awashe mita kabla hujapanda, na jina la unakokwenda uwe nalo kwenye simu kwa maandishi ya Kigujarati, umeandikiwa na mtu wa mapokezi pale mlipofikia. Siku ya kwanza sikufanya hivyo, nikazungushwa saa nzima na kulipa mara tatu ya nauli.

Asubuhi yako ya kwanza vuka daraja la Nehru. Ukimaliza daraja tu, upande wa mashariki, utaona msikiti mdogo wa mawe ya rangi ya asali, magari yakiuzunguka. Ni msikiti wa Sidi Saiyyed, na nakuomba usianzie pengine. Ulijengwa mwaka 1572 na 1573, siku zile zile dola ya masultani wa Gujarat ilipokuwa ikiangukia mikononi mwa Akbar, mfalme wa dola ya Mughal. Aliyeujenga alikuwa mtu wa asili ya Afrika, wa wale walioitwa Mahabeshi au Masidi. Wengi wao walivushwa bahari wakiwa watumwa, wakawa askari, na baadhi yao wakapanda hadi kuwa majemadari na watu wa baraza la sultani. Gujarat wako hadi leo, hasa vijiji vya Ratanpur na Jambur, na ngoma yao wanaiita goma. Nilipoambiwa neno hilo nilimwomba mtu alirudie.

Juu ya ukuta wa magharibi wa msikiti, mawe yametobolewa yakawa kimia. Dirisha moja lina mti ambao matawi yake yanajisokota na kupitana mpaka yanajaza upinde wote, na katikati yake umesimama mnazi au mtende, kila mtu na jicho lake. Mimi niliona mnazi. Jiwe limetolewa uzi kwa uzi kama mtu anayefanya darizi kwenye kofia ya viua, ila hapa ukikosea tundu moja huwezi kufumua. Siku niliyokwenda, wanawake tuliombwa tubaki uani, nami sikupungukiwa, kwa sababu mti huo unaonekana vizuri kutoka nje pia. Alasiri jua likiwa magharibi, kaa uani uone mwanga ukipenya. Usiku huwashiwa taa, ukiwa barabarani unauona wote.

Kutoka hapo tembea kwa miguu, usipande kitu. Ngome ya Bhadra iko karibu, na mbele yake kuna Teen Darwaza, yaani milango mitatu, ambayo mfalme alikuwa akipita chini yake kwenda sala ya Ijumaa. Mji ulianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah. Kabla yake palikuwa na makazi ya Ashaval, na mji mkuu ulikuwa Patan, mwendo wa siku kadhaa kaskazini. Wenyeji watakuhadithia kwamba sultani aliona sungura akimgeukia mbwa na kumkimbiza, akasema ardhi inayompa sungura moyo huo ndiyo nitakayojengea mji. Mimi niliyekulia hadithi za Sungura sikuona ajabu. Baadaye, mwaka 1487, mjukuu wake Mahmud Begada aliuzungushia ukuta wenye milango kumi na miwili. Ukuta umebomolewa karibu wote lakini milango mingi bado imesimama katikati ya msongamano wa magari, na wenyeji wanaitumia kuelekeza njia.

Ukipita Teen Darwaza unaingia sokoni, na ukifuata umati utafika Jama Masjid, msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1424. Vua viatu, jitande mtandio, ingia uani ukae kivulini. Ndani kuna nguzo 260. Nilijaribu kuzihesabu nikapotea kwenye ya tisini na kitu. Minara yake ilianguka katika tetemeko la ardhi la mwaka 1819, ndiyo maana mbele inaonekana kama kitu kilichokatwa. Ukitoka kwa mlango wa mashariki uko kwenye kaburi la Ahmad Shah mwenyewe, na ng'ambo ya kichochoro ni makaburi ya wake wa masultani, yamezingirwa na wauza nguo za kike pande zote. Na hapo hapo ni Manek Chowk. Uwanja huu una maisha matatu kwa siku moja: asubuhi watu hununua majani wakawalisha ng'ombe, mchana ni wauza dhahabu na fedha, na usiku maduka ya vito yakifungwa meza za chakula zinatandazwa mpaka usiku wa manane. Nenda mchana kwa macho na usiku kwa tumbo.

Kuhusu tumbo nikuambie mapema. Chakula cha Wagujarati ni cha mboga na nafaka, na wanatia sukari kwenye mchuzi wa dengu. Mama alionja kijiko kimoja akaniuliza kama nimeleta uji. Lakini chapati, achari, bajia na kachori hazihitaji mkalimani, majina ni yale yale au jirani yake. Ukitamani nyama, uliza Bhatiyar Gali, kichochoro kilicho karibu na Teen Darwaza ambako Waislamu wanapika nyama kwenye masufuria makubwa tangu alasiri. Pombe imepigwa marufuku katika jimbo la Gujarat, usijaribu kuibeba hata chupa moja.

Asubuhi ya pili iwe ya mitaa ya pol. Halmashauri ya mji ina matembezi yanayoongozwa, yanaanza saa mbili asubuhi kwenye hekalu la Swaminarayan la Kalupur na kuishia Jama Masjid. Yalianzishwa mwaka 1997, na nadhani ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote. Fika mapema uliangalie hekalu lenyewe, la mwaka 1822, lenye mbao za msaji wa Burma zilizochongwa na kupakwa rangi za kila namna.

Pol ni mtaa mdogo wenye lango moja, uliofungwa zamani kila usiku. Ndani yake waliishi watu wa ukoo mmoja, kazi moja au dini moja, nyumba zimebanana mpaka jirani anaweza kumpa jirani chumvi kwa dirisha. Mbele ya kila nyumba kuna otlo, na otlo ni baraza kama baraza zetu: ndipo wanapokaa wazee, ndipo maharage yanapochambuliwa. Chini ya sakafu ya ua kuna tangi la maji ya mvua, wanaliita tanka. Mvua ikinyesha, maji ya paa yanashuka humo, nayo yanatunzwa gizani mwaka mzima. Na pale mtaa unapopanuka kidogo kuna chabutro, nguzo yenye kibanda juu, ambako watu huwawekea ndege nafaka. Wanasema walipokata miti kujenga mji waliona lazima wawape ndege mahali pengine. Mwaka 2017 mji huu wa ndani ya ukuta uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, wa kwanza kwa miji yote ya India, na naamini ni hizi pol zilizoupa heshima hiyo kuliko jengo lolote kubwa. Angalia milango. Aliyewahi kupita Mji Mkongwe wa Unguja ataitambua ile ya mbao yenye vipande vingi vinavyokunjana, ambayo Wazanzibari wanaiita ya Kigujarati.

Usiwapige watu picha wakiwa kwenye otlo bila kuomba. Ukiomba watakupa na chai.

Sasa nguo. Wenyeji wana msemo kwamba Ahmedabad unaning'inia kwenye nyuzi tatu: pamba, hariri na dhahabu. Vitambaa vya Gujarat vilifika pwani yetu kabla ya Mreno, vikipakiwa bandari ya Khambhat, kusini mwa mji huu, na kurudi vyombo vikiwa na pembe za ndovu, ambazo huko zilichongwa bangili za maharusi. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 aliwakuta wafanyabiashara wa kutoka upande huo wapo tayari. Ndiyo maana tunasema bepari, laki, pesa, na hata chapa. Neno chapa ni la huko. Ukimwona fundi anagonga kibao kilichochongwa, chenye rangi, juu ya kitambaa, utaelewa kwa nini lina sauti ile.

Pa kuanzia ni jumba la makumbusho la nguo la Calico, mtaa wa Shahibag, lililoanzishwa mwaka 1949 na familia ya Sarabhai. Hapa lazima uweke nafasi kabla. Wanachukua watu wachache tu kwa siku, asubuhi, Jumatano wamefunga, na begi na simu vinabaki mlangoni. Nilipiga simu siku ya kwanza nikapata nafasi baada ya siku nane, kwa hiyo piga hata kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji. Hawatozi kiingilio. Nimeona humo patola, hariri ambayo nyuzi zake za urefu na za upana zote zimefungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, ili zikikutana kwenye mtande ua litokee mahali pake. Kwa anayejua uzi, hilo linatisha. Nilisimama mpaka mwongozaji akanirudia.

Kisha kuna viwanda. Mwaka 1861 Ranchhodlal Chhotalal alifungua kinu cha kwanza cha pamba kwa mashine za Uingereza, na baada ya miaka vinu vikawa vingi kiasi kwamba mji ukaitwa Manchester ya India, kwa kufananishwa na ule mji wa Uingereza wenye viwanda vya pamba. Sehemu kubwa ya vinu hivyo vilifungwa miaka ya 1980 na 1990. Ukiwa kwenye bajaji upande wa mashariki utaona dohani za matofali bila moshi, nyingine katikati ya nyumba za watu. Kilichobaki ni kikubwa bado: jinzi ya Ahmedabad inashonwa suruali dunia nzima, na kampuni ya Arvind iliyoanza mwaka 1931 ndiyo inayojulikana zaidi.

Katika habari za vinu kuna moja niliyoipenda. Mwaka 1917 tauni iliingia mjini, wenye vinu wakawapa wafanyakazi nyongeza kubwa wasikimbie. Tauni ilipopungua wakaiondoa, na mahitaji yalikuwa yamepanda bei kwa sababu ya vita. Februari 1918 kazi ikasimama. Upande wa matajiri aliongoza Ambalal Sarabhai. Upande wa wafumaji alisimama dada yake wa tumbo moja, Anasuya, pamoja na Gandhi. Kila jioni walikutana na wafanyakazi chini ya mti wa mgunga kando ya mto. Wafanyakazi walitaka asilimia 35, matajiri wakishikilia 20. Njaa ilipoanza kuwavunja moyo, Gandhi akasema hatakula chakula mpaka wapatane, na siku ya tatu wakapatana. Mwamuzi mwishowe akawapa 35 yao. Kutokana na mgogoro ule kikazaliwa chama cha wafanyakazi wa vinu mwaka 1920, na ndani ya idara yake ya wanawake akatoka Ela Bhatt, aliyeanzisha chama cha SEWA mwaka 1972 kwa ajili ya wanawake wanaojiajiri: wabeba mizigo wa soko la nguo, wachuuzi, washonaji wa majumbani. Washonaji kama mimi. Ukipita karibu na Bhadra, ofisi zao ziko hapo upande wa mto.

Kununua sasa. Soko langu lilikuwa Dhalgarwad, vichochoro vya vitambaa kati ya Teen Darwaza na Manek Chowk. Ukitaka majora ya jumla, uliza New Cloth Market, nje kidogo ya mlango wa Raipur. Jumapili kuna gulio la Gujari kando ya mto, chini ya daraja la Ellis, ambako utapata cherehani kuukuu, mikasi, vitanda, vitabu, hata mbuzi. Nenda na futi yako ya kupimia. Ukiambiwa pamba tupu, omba uzi mmoja wa pembeni, uuchome nje ya duka: pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na jivu lake linasagika kwa kidole, nailoni na poliesta zinayeyuka na kuacha punje ngumu. Muuzaji mwaminifu hakasiriki, wawili walinipa kiberiti wenyewe. Kitambaa cha rangi ya asili kisugue kwa leso iliyolowa kabla ya kulipa. Bei ya kwanza si bei, lakini usiishushe mpaka mtu aanze kunyamaza.

Kitu kimoja nilitumwa na moyo kukitafuta nilipokiona Calico: Mata ni Pachedi, kitambaa cha kutundikwa nyuma ya Mama, yaani mungu wa kike. Waliokianzisha walikuwa watu waliozuiwa kuingia mahekaluni, basi wakajichorea hekalu lao juu ya pamba. Familia zinazokichora bado ziko mtaa wa Vasna, na pale mlipofikia watakupigia simu uende. Rangi ni mbili juu ya weupe. Nyeusi inatoka kwenye vyuma vyenye kutu vilivyolowekwa siku nyingi pamoja na sukari guru, ukatiwa unga wa kokwa za ukwaju uwe mzito. Wekundu unashikwa na shabu, halafu kitambaa kinachemshwa. Kufua lazima iwe kwenye maji yanayotembea, kwa sababu maji yaliyotuama hurudisha rangi na kuchafua weupe. Mzee aliyenionyesha alichora mistari kwa kijiti cha mwanzi bila kunyanyua mkono, na hakuwa na alama yoyote ya penseli. Nilinunua kidogo, cha kiasi cha mto wa kulalia. Kwa kazi ile, bei yake sikuijadili.

Ashram ya Sabarmati, yaani makazi ya Gandhi na wafuasi wake, utaiona tu, iko kaskazini kando ya mto, bure, na haina ngazi za kuogopesha. Gandhi aliishi hapo kuanzia 1917, na tarehe 12 Machi 1930 akatoka na watu 78 kwa miguu kwenda Dandi, pwani, kuokota chumvi kupinga sheria ya Mwingereza, siku 24. Chumba chake kina meza ya chini na kinu cha kusokotea uzi. Ukiomba, mara nyingi yupo mtu wa kukuonyesha namna ya kukizungusha. Uzi wangu ulikatika mara tano.

Kama umebakiwa na nusu siku moja, nenda Adalaj, kilomita kumi na nane hivi kaskazini. Ni kisima ambacho unakishukia kwa ngazi, ghorofa tano kwenda chini, nguzo zimechongwa kutoka juu mpaka kwenye maji. Maandishi yake yanataja mwaka 1499 na malkia Rudabai. Hadithi inasema mumewe aliuawa vitani kabla ya kukimaliza, Mahmud Begada akataka kumwoa mjane, naye akakubali kwa sharti kisima kimalizwe kwanza. Kilipomalizika alikizunguka akisali, kisha akajitupa. Ukishuka, joto la juu linakuacha ngazi kwa ngazi. Ukikosa muda wa kwenda mbali, kipo cha Dada Harir mtaa wa Asarwa, kilichojengwa na mwanamke wa jumba la sultani, chenye maandishi ya Kisanskriti na ya Kiarabu, na asubuhi unaweza kukikuta wewe peke yako na njiwa.

Ukiwapo tarehe 14 Januari, ni sikukuu ya tiara. Mji mzima uko juu ya mapaa. Nyuzi zao zimepakwa unga wa vioo ili zikate za wenzao, na zikikatika zinaning'inia hewani juu ya barabara. Usipande pikipiki siku hizo, na shingo yako uizungushie mtandio mzito.

Mgonjwa naye msimwache chumbani mpaka siku ya ndege. Wiki ya nne mazoezi yalimfikisha mama kwenye gongo moja, daktari akamruhusu kutoka kwa muda mfupi. Adalaj haikuwezekana, ngazi zile ni za magoti ya vijana. Tulimpeleka kwa Sidi Saiyyed saa moja usiku. Bajaji inasimama pembeni kabisa, ardhi ni tambarare, na mwuza chai wa karibu alimtolea mama kiti bila kuombwa. Nikamwonyesha mti kwenye dirisha lenye taa, nikamweleza nani aliujenga na alitoka wapi.

Mama aliuangalia mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza kama kwao walipata habari zake.

Nenda muda huo, kabla ya saa mbili, magari yakiwa yamepungua kidogo. Beba mto wa kukalia na sweta. Januari upepo wa mtoni ni baridi.